Taji, Tyubu na Stemu: Kuoanisha Vipande Vidogo Unapojenga Saa ya Mkono

Saa imekwisha kuunganishwa. Uso unang'aa, mikono imekaa sawa, mfuniko wa nyuma umekazwa na mashine inapiga. Siku ya tatu mwenye saa ananawa mikono kabla ya chakula, na ikifika jioni ukungu mwembamba umetanda chini ya kioo. Wiki mbili baadaye kalenda inagoma kugeuka. Fundi anaifungua na kukuta kutu mahali pamoja tu, kwenye kile kijiti cha chuma kinachotoka ndani ya mashine kwenda kwenye kifungo cha pembeni.

Maji hayakupita kwenye kioo wala kwenye mfuniko. Sehemu hizo mbili hukaa tuli, na raba iliyobanwa mahali pasipo msukosuko huzuia maji kwa miaka. Ubavu wa kasha ndio wenye taabu. Hapo pana tundu ambalo lazima kitu kipite, kizunguke, kivutwe na kurudishwa kila saa inaporekebishwa. Anayejenga saa kwa vipande vya wauzaji tofauti mara nyingi hufikiria kifungo hicho mwisho kabisa, tena kwa kuangalia sura yake. Hapo ndipo saa nyingi za kujengewa nyumbani huharibikia.

Vipande vinne na kazi zake

Kiswahili bado kinasema "kutia saa ufunguo", hata kwa saa ambayo haijawahi kuona ufunguo. Msemo huo una ukweli wake: saa za mfukoni za zamani zilijazwa kwa ufunguo mdogo uliochomekwa ndani, na kila zilipofunguliwa vumbi liliingia. Mfaransa Adrien Philippe alionyesha saa isiyohitaji ufunguo kwenye maonyesho ya viwanda ya Paris mwaka 1844, akapata hataza mwaka uliofuata, kisha akaungana na mtengenezaji wa saa Patek. Tangu hapo kazi ya ufunguo imehamia kwenye kifungo cha pembeni, ambacho hapa kitaitwa taji.

Taji hushikwa na stemu, kijiti cha chuma kinachoingia katika mashine na kubeba mzunguko wa vidole mpaka kwenye magurudumu. Stemu hupita ndani ya tyubu, kibomba kifupi cha chuma kilichopandikizwa katika tundu la kasha. Kati ya taji na tyubu kuna oringi, pete ndogo ya raba, na hiyo ndiyo inayozuia maji. Vingine vyote vipo ili oringi ibanwe kwa kiasi chake.

Ikibanwa kidogo mno, maji hupita. Ikibanwa kupita kiasi, taji huwa zito, raba hulika, na baada ya miezi michache maji hupita vilevile. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni sehemu ndogo ya milimita moja. Kwa sababu hiyo taji na tyubu havichaguliwi kwa macho.

Somo kutoka kwa Rolex

Mwaka 1925 Paul Perregaux na Georges Peret wa Uswisi waliomba hataza ya taji linalofungwa kwa hesi juu ya kasha. Hans Wilsdorf wa Rolex aliinunua, na mwaka 1926 ikatoka saa ya Oyster. Mwezi Oktoba 1927 Mercedes Gleitze, mwogeleaji wa Uingereza, aliingia katika mkondo wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza akiwa na saa hiyo shingoni. Baridi ilimtoa majini kabla hajafika ng'ambo, baada ya zaidi ya saa 10. Saa ilikuwa bado inakwenda.

Kampuni hiyo ilileta taji la Twinlock mwaka 1953 na la Triplock mwaka 1970. Mafundi wanaotengeneza saa za Triplock hujifunza jambo moja mapema: taji namba 24-702 hutaka tyubu 24-7020, na taji namba 24-703 hutaka tyubu 24-7030. Mataji yote mawili yana kipenyo cha milimita 7, na mtu akiyaweka kiganjani hayaoni kuwa tofauti. Ukubwa wa nje haukuambii kitu kuhusu hesi na nafasi ya raba zilizo ndani. Ikiwa kiwanda kimoja kina jozi zisizochanganyika, taji kutoka kwa muuzaji mmoja na tyubu kutoka kwa mwingine haviwezi kuaminiwa bila kupimwa.

Anza na nini?

Taji limekaa katikati ya mambo mawili. Kwa ndani linaunganishwa na mashine kupitia hesi ya stemu. Kwa nje linaunganishwa na kasha kupitia tyubu. Kwa hiyo mpangilio wa kuchagua ni huu: mashine kwanza, kisha kasha, kisha tyubu, kisha taji. Stemu hukatwa mwisho, kila kitu kikishakaa mahali pake.

*Mashine.* Itakupa hesi ya stemu. Mashine mbili zinazotumiwa sana na wajenzi wa nyumbani, NH35 ya kundi la Seiko na ETA 2824-2 ya Uswisi, zote zina stemu yenye hesi ya milimita 0.90. Wauzaji wengine huandika kipimo hicho kuwa Tap 10. Lakini hesi kulingana hakufanyi stemu za mashine hizo kuwa kitu kimoja. Ncha inayoingia ndani imechongwa tofauti kwa kila mashine. Nunua stemu kwa jina la mashine, na taji kwa hesi ya stemu.

*Kasha.* Chunguza tundu kwa lenzi ya kukuzia. Kuna kasha ambalo tyubu yake imechongwa pamoja nalo, na hapo huna la kuchagua isipokuwa taji. Kuna lenye tundu laini, ambalo tyubu husukumwa ndani kwa nguvu. Na kuna lenye hesi, ambalo tyubu hukazwa kama skrubu.

*Tyubu na taji.* Hapa uliza swali moja kabla ya yote: oringi iko wapi? Katika mataji mengi imefichwa ndani ya tumbo la taji na hukumbatia tyubu kwa nje. Katika mengine, ya mtindo unaoonekana kwenye saa nyingi za Seiko, oringi imevishwa kwenye shingo ya taji na huteleza ndani ya tyubu. Mtindo wa kwanza hutegemea kipenyo cha nje cha tyubu. Wa pili hutegemea kipenyo cha ndani. Mtu asiyejua taji lake ni la mtindo gani atapima upande usio wake na kununua kitu kisichofaa, hata kama kipimo alichokipata ni sahihi.

> KISANDUKU: Vipimo vya kuandika kabla ya kulipa
>
> ☐ Hesi ya stemu (kwa NH35 na ETA 2824-2: milimita 0.90)
> ☐ Kipenyo cha tundu la kasha. Je, ni laini au lina hesi?
> ☐ Kipenyo cha tyubu upande unaoingia kwenye kasha
> ☐ Kipenyo cha nje cha tyubu upande wa taji
> ☐ Kipenyo cha ndani cha tyubu
> ☐ Urefu wa tyubu unaojitokeza nje ya kasha
> ☐ Kina cha tumbo la taji
> ☐ Nafasi kati ya mabega ya kasha yanayolinda taji
> ☐ Kama taji ni la kufunga kwa hesi: kipenyo cha hesi na umbali kati ya jino na jino

Kupima bila kujidanganya

Kalipa ya kidijitali huonyesha milimita 0.01, lakini usahihi wake kwa kawaida ni karibu 0.02, na ya bei rahisi inaweza kuwa mbaya zaidi. Pima mara tatu, ukigeuza kipande kila mara. Kwa tyubu, maikromita ni bora kama ipo.

Matundu madogo ndiyo yanayosumbua. Meno ya ndani ya kalipa ni manene mno kwa tundu la milimita 2, na hata yakiingia husoma pungufu. Njia ya kuaminika ni kutumia mashina laini ya biti za drili. Chukua biti zinazopishana kidogo kidogo, pima shina la kila moja, kisha jaribu: inayoingia bila kucheza na inayokataa kuingia zitakuonyesha tundu liko kati ya namba zipi. Ingiza upande wa shina tu. Upande wa meno utakwaruza tundu.

Kina cha tumbo la taji kinalinganishwa na urefu wa tyubu unaojitokeza. Tyubu ikiwa ndefu kuliko kina hicho, taji litagota na kuacha pengo dhidi ya kasha. Ikiwa fupi mno, taji litakaa vizuri kwa macho lakini oringi itakuwa inaning'inia hewani bila kugusa chochote. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu saa hupendeza kabisa mpaka siku ya maji.

Kwa taji la kufunga kwa hesi, kipenyo kulingana hakutoshi. Hesi mbili zenye kipenyo kimoja zinaweza kuwa na meno yaliyopishana kwa umbali tofauti. Zitashikana kwa nusu mzunguko, kisha zitakaba. Kabla ya kupandikiza tyubu, shika tyubu na taji mkononi na uvijaribu. Zungusha taji kinyume kwanza, polepole, mpaka usikie mguso mdogo wa meno kuachana, ndipo ugeuze mbele. Lipite mizunguko miwili au zaidi kwa ncha za vidole. Likikataa, usilazimishe. Jozi hiyo haioani.

Kupandikiza tyubu

1. Toa mashine, uso na kioo kama kinatoka. Kasha liwe tupu.
2. Ondoa tyubu ya zamani. Iliyosukumwa hutolewa kwa kupigwa taratibu kutoka ndani kwenda nje kwa kijiti cha chuma kinachoenea kwenye tundu. Ya hesi hufunguliwa kwa kifaa kinachoshika tumbo lake. Kama inagoma, pasha kasha joto kidogo, maana huenda ilitiwa gundi ya hesi.
3. Safisha tundu kwa spiriti na kijiti cha pamba. Mabaki ya gundi ya zamani yatapindisha tyubu mpya.
4. Jaribu tyubu mpya bila gundi. Ya kusukuma ianze kuingia kwa shida kidogo; ikidumbukia yenyewe, ni ndogo, tafuta nyingine. Gundi haiwezi kuwa badala ya chuma kinachobana.
5. Kama tundu ni dogo kwa kiasi kidogo sana, lipanue kwa riima ya mkono, zungusho moja moja, ukijaribu tyubu kila baada ya zungusho. Usitumie drili ya umeme. Chuma kilichoondoka hakirudi.
6. Sukuma tyubu kwa kifaa cha kubana, ikiwa imenyooka kabisa. Nyundo huipindisha mdomo.
7. Kwa tyubu ya hesi, paka gundi ya hesi kidogo sana, kaza, futa iliyotoka, na uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.
8. Angalia kwa ndani. Tyubu isijitokeze mpaka ikaguse mashine au pete inayoishikilia mashine.

Sasa rudisha mashine na uso, ingiza stemu bila taji, na uchungulie kwa nje. Stemu ionekane katikati ya tyubu kama kiini cha yai lililokatwa vizuri. Ikiegemea upande mmoja, mashine imekaa juu au chini kuliko tundu, pengine kwa sababu pete ya kushikilia mashine si ya kasha hilo. Rekebisha kiti cha mashine kwanza. Stemu inayosugua tyubu hufanya taji liwe zito, na watu wengi huishia kulaumu oringi isiyo na kosa.

Kukata stemu

Hesabu ndogo husaidia kujua stemu itahitaji urefu gani. NH35 ina kipenyo cha milimita 27.4, yaani nusu yake ni 13.7. Kasha la milimita 42 lina nusu ya 21. Kutoka ukingo wa mashine mpaka ubavu wa kasha kuna milimita 7.3 ambazo stemu lazima izipite. Katika kasha kubwa zaidi stemu inaweza isifike. Kuna viungo vya kurefushia, ingawa kipande kimoja kizima ni imara kuliko viwili vilivyoungwa.

1. Ingiza stemu isiyokatwa, ikiwa na taji, na uisukume mpaka ndani kabisa.
2. Pima pengo kati ya taji na mahali linapotakiwa kukaa.
3. Toa nusu milimita kwenye kipimo hicho, ndipo ukate. Kama pengo ni milimita 3.4, kata 2.9. Vaa miwani na funika kwa kitambaa, maana kipande hurukia macho.
4. Shika stemu wima, usawazishe ncha kwa tupa laini, na uondoe ukali wa ukingo ili hesi ya taji isiharibike.
5. Rudisha, pima, punguza tena. Rudia mara tano au sita. Stemu iliyobaki ndefu hupunguzwa. Iliyokatwa fupi hutupwa.
6. Kwa taji la kawaida, simama pengo linapotosha karatasi moja kupita kati ya taji na kasha.

Taji la kufunga kwa hesi lina springi ndani, na hapo kipimo hubadilika. Likiachiwa, stemu ikiwa ndani kabisa, taji liwe huru na hesi, liweze kuzunguka bila kukwangua. Likisukumwa na kufungwa mpaka mwisho, springi ibaki na nafasi kidogo ya kubonyea. Stemu ndefu mno hugota, na ukikaza zaidi unaisukuma mashine yenyewe. Fupi mno huacha taji likiendelea kung'ang'ania hesi wakati unajaribu kujaza saa. Jaribu nafasi zote: kujaza, tarehe, muda, kisha kufunga.

Gundi ya hesi ya nguvu ndogo huwekwa mwisho kabisa, kiasi cha ncha ya sindano, kwenye hesi ya stemu. Ikizidi hutambaa mpaka kwenye springi, na taji hilo halitafanya kazi tena.

Jambo moja zaidi kuhusu kutoa stemu: kila mashine ina mahali pake pa kubonyeza na nafasi ambayo taji linapaswa kuwa wakati huo. Fuata karatasi ya kiwanda ya mashine uliyonayo. Kubonyeza kwa kukisia huweza kuvuruga vyuma vya kubadilishia nafasi, na kuvirudisha hutaka kufungua uso na mikono upya.

> KISANDUKU: Stemu imevunjikia ndani ya taji
>
> Usitupe taji zuri la shaba au dhahabu. Toa oringi, weka taji katika kikombe cha kioo chenye maji yaliyokolezwa shabu, ile ile inayouzwa sokoni, na uyaweke yakiwa ya moto bila kuchemka. Shabu hula chuma cha stemu taratibu na kuiacha shaba. Kazi huchukua saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Onyo: usifanye hivyo kwa taji la chuma cha pua wala taji lenye springi ya chuma ndani, na usitumie chombo cha chuma.

Raba na grisi

Weka oringi mpya kila unapobadilisha tyubu. Ya zamani imeshajikunja kwa umbo la tyubu iliyotoka. Paka grisi ya silikoni, utando tu unaong'aa. Mafuta ya mgando, mafuta ya nywele na ya kupikia yaache mbali: baadhi hutunisha raba, na yote huvuta vumbi.

Jaribu kasha tupu kwanza

Usiingize mashine katika maji ili kujua kama saa inavuja. Funga kasha tupu likiwa na kioo, mfuniko, tyubu na taji, weka ndani kipande cha karatasi ya tishu kavu, kisha lizamishe katika bakuli la maji kwa nusu saa. Ukiona mapovu yakitoka kwenye taji, au tishu imelowa, rudi kwenye vipimo. Jaribio hili halithibitishi kwamba saa inafaa kuogelea. Linakamata makosa makubwa tu.

Mashine ikishaingia, yupo fundi mwenye kifaa cha kupima shinikizo la hewa, na gharama yake ni ndogo kuliko mashine mpya. Kipo pia kipimo cha ukungu kinachotumika katika viwango vya kimataifa: saa hupashwa mpaka nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, tone la maji ya kawaida huwekwa juu ya kioo kwa dakika moja, kisha hufutwa. Ukungu ukionekana upande wa ndani, unyevu umo.

Na maandishi "mita 200" kwenye uso ulionunuliwa kando hayana uzito wowote. Kwa kiwango cha ISO 6425, saa ya wapiga mbizi ya mita 200 hupimwa kwa asilimia 125 ya shinikizo hilo, yaani baa 25, ikiwa nzima na taji lake. Kasha lililobadilishiwa tyubu nyumbani limepoteza dhamana hiyo mpaka lipimwe upya.

Kwa anayeishi pwani, chumvi ya bahari na jasho hukauka ndani ya hesi za taji na kuzisaga kama mchanga. Suuza saa kwa maji baridi ikiwa imefungwa, ikauke, ndipo ufungue taji. Kagua oringi kila mwaka.

Vipimo vyote ulivyochukua viandike kwenye kadi: hesi ya stemu, vipenyo vya tyubu, kina cha taji, urefu wa mwisho wa stemu, na jina la muuzaji wa kila kipande. Kadi hiyo ikae ndani ya boksi la saa. Taji litachakaa kabla ya mashine, na siku hiyo fundi yeyote utakayempelekea atahitaji namba hizo kabla ya kitu kingine chochote.